Nasaba ya Dawa Moja, Kutoka Mulago Hata Grande Barrière

Msafiri atokaye Gisenyi kwa barabara ya ukingo wa Ziwa Kivu, akipita majumba ya enzi ya ukoloni na mahoteli yaliyoyaelekea maji, huufikia mwisho wa nchi ya Rwanda bila ya kuona mto wala mlima wa kumjulisha kwamba nchi imekwisha. Huona lango, na askari, na watu wa forodha, na ng'ambo ya lango huuona mji ule ule ukiendelea chini ya jina jingine, yaani Goma. Lango hilo ndilo Grande Barrière, na kaskazini yake liko la pili, Petite Barrière, ambalo hupitiwa kwa miguu kila siku na makumi ya maelfu ya wachuuzi, aghalabu wanawake, wenye mboga, unga, maziwa na vitenge. Mpaka wenyewe ni kazi ya kalamu: Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waliukata mezani Brussels mwaka 1910, na miaka sita baadaye majeshi ya Wabelgiji yaliuvuka katika vita vikuu vya kwanza kana kwamba haukupata kuandikwa. Tangu hapo umefungwa na kufunguliwa mara nyingi, kwa vita, kwa siasa, kwa moto wa Nyiragongo, na kwa maradhi.

Habari za maradhi ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa kuwa taarikhi ya lango hili, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ni taarikhi ya majeshi na wakimbizi peke yake. Katikati ya Julai 1994 watu laki kadhaa, na wengine husema wakikaribia milioni, walilivuka kwa siku chache wakikimbilia Goma. Kipindupindu kikawaingia katika nchi ya mawe ya volkano, ambamo kisima hakichimbiki wala kaburi halichimbiki, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Waliokuwapo hawakusahau. Basi miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 14 Julai 2019, ilipothibitishwa kwamba mchungaji mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo ameingia Goma na Ebola, hofu iliyozipata pande zote mbili za mpaka haikuwa hofu ya watu wasiojua wanachokiogopa. Ebola ilikuwa ikiua katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018. Siku tatu baada ya habari ile ya Goma, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa jambo hili limekuwa dharura ya ulimwengu mzima. Mwisho wa mwezi ule mchimba dhahabu mmoja, aliyetoka Ituri kuwarudia jamaa zake, alifariki Goma kwa maradhi yale yale, na tarehe 1 Agosti Rwanda ikaufunga mpaka kwa muda wa saa kadhaa, kisha ikaufungua siku iyo hiyo, kwa kuwa miji miwili iliyo mmoja kwa chakula na kwa nasaba haiwezi kutenganishwa hata kwa siku moja bila ya njaa kubisha hodi.

Waliopita Grande Barrière siku zile walinawa mikono katika maji yenye dawa, wakapimwa joto la mwili kwa kipimo kisichogusa ngozi, wakaulizwa watokako. Ng'ambo ya Gisenyi, huko Rugerero, Rwanda ilikuwa imetayarisha kituo cha kuwatibu wagonjwa ambao, kwa rehema ya Mungu, hawakuja. Na Desemba ya mwaka ule wakazi wa Rubavu, wilaya ilimo Gisenyi, walianza kupewa chanjo. Lakini jambo kuu la msimu ule, kwa fikira zangu, halikutukia langoni. Lilitukia tarehe 13 Agosti 2019, pale mke wa mchimba dhahabu yule na mtoto wake mdogo walipotoka kwa miguu yao katika kituo cha matibabu cha Goma, wamepona. Wamepona maradhi ambayo tangu yajulikane, mwaka 1976, tabibu hakuwa na la kufanya mbele yake ila kumpa mgonjwa maji na kumwombea. Walitibiwa kwa dawa mpya za kingamwili, na dawa hizo zina nasaba. Wengi wetu tumezipokea kama tupokeavyo kila chombo kitokacho ng'ambo, tukidhani ni hikima ya wageni iliyotufikia kwa ihsani yao. Ukweli ni kwamba mizizi yake miwili mikubwa imo katika udongo wetu, mmoja Kampala na mmoja Kikwit, na atakayeandika taarikhi ya lango la Gisenyi bila ya kuitaja atakuwa ameiacha sehemu iliyo bora.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumshika adui aliyeuingia. Hutengenezwa na seli nyeupe za damu za namna moja, ziitwazo seli B, na kila seli B hutengeneza kingamwili ya sura moja tu, inayomshika adui mmoja tu mahali pamoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mtu akipona maradhi, baadhi ya seli zile hubaki mwilini kwa miaka mingi zikiuhifadhi ukumbusho wa adui yule. Kwa kulijua hili, matabibu tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa walitamani kuichukua kingamwili ya aliyepona na kumpa anayeugua. Lakini kizuizi kilikuwa kimoja na kizito, nacho ni kwamba seli B ikitolewa mwilini na kuwekwa katika chupa ya maabara hufa baada ya siku chache. Seli ya saratani haifi hivyo. Ile sifa iifanyayo saratani kuwa msiba kwa binadamu, yaani kukataa kwake kukoma, ndiyo iliyokuwa ikikosekana katika chupa. Mkutano wa mambo haya mawili, seli ijuayo kutengeneza kingamwili na uhai usiokoma wa saratani, ulionekana kwa mara za mwanzo katika maradhi ya watoto wa Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji wa Kiairish, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kwa namna ambayo Burkitt hakupata kuiona. Burkitt alikuwa na jicho moja, kwa kuwa la pili alilipoteza utotoni, na huenda ndiyo sababu alikuwa mtazamaji makini kupita wenye mawili. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Akaingia katika daftari za hospitali, akapekua, na mwaka 1958 akachapisha habari za saratani ya taya ya watoto wa Afrika. Hakuishia hapo. Aliandikia hospitali na misheni za bara zima akiuliza ni wapi uvimbe huu hujulikana na ni wapi haujulikani, na Oktoba 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri maili 10,000 kwa majuma kumi, kutoka Kampala hata kusini ya Afrika na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali wakiwa na picha mkononi na swali moja mdomoni.

Walichokipata ni ramani. Karibu na Ikweta uvimbe huu hauonekani katika nchi zilizo juu ya futi 5,000 hivi. Kusini zaidi mpaka wake hushuka kadiri baridi inavyozidi, na penye mvua haba haumo. Msomaji wa Gisenyi atapenda kujua kwamba Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460, yaani chini kidogo tu ya mstari ule wa Burkitt, na kwamba milima inayoinuka nyuma ya mji imo juu yake. Mstari huo ulikuwa mstari wa malaria. Na kwa kuwa ulifuata joto na mvua, uliwafanya watu wadhani kuwa chanzo cha saratani hii ni kijidudu kichukuliwacho na mbu.

Tarehe 22 Machi 1961, Burkitt akiwa katika likizo Uingereza, alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Waliohudhuria hawakuwa wengi. Mmoja wao, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi viletavyo saratani kwa kuku, alisikiliza na papo hapo akaazimia kuiacha kazi yake ya awali. Wakapatana: vipande vya uvimbe vitokavyo katika vyumba vya upasuaji vya Kampala vitapakiwa katika ndege za usiku na kufika London asubuhi. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitazama vipande vile katika hadubini ya elektroni asione kitu. Kisha tarehe 5 Desemba 1963 ukungu ulitanda London, ndege iliyochukua kipande kutoka Uganda ikalazimika kutua Manchester, na kilipofika maabara mchana ule maji kilimowekwa yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyoingiwa na bakteria. Mtu mwingine angaliyamwaga. Epstein alichukua tone, akalitazama, na hakuona bakteria, bali seli za saratani zilizobanduka katika kipande kwa kutikiswa safarini, nazo zinaelea moja moja, hai. Yeye na msaidizi wake Yvonne Barr walizikuza hivyo hivyo, zikielea, na zikakubali kukua, jambo ambalo seli za ukoo huo zilikuwa zimelikataa kwa kila mtu isipokuwa wachache, miongoni mwao R. J. V. Pulvertaft, aliyefaulu mwaka ule ule wa 1963 kwa uvimbe wa mtoto wa Nigeria. Mwanzoni mwa 1964, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, waliona ndani ya seli za mtoto wa Uganda virusi ambavyo havikupata kuonekana na mwanadamu. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Nimekaa katika habari hii kwa sababu watu huikumbuka kwa virusi peke yake, na virusi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa zile seli zenyewe. Kwa mara ya kwanza maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa na koo za seli za damu ya binadamu zilizokuwa zikikua bila kikomo, na wataalamu wakauliza kama seli hizi, zilizotokana na seli B, bado zinaikumbuka kazi yao ya asili. Mwaka 1966 John Fahey na wenzake, huko Bethesda, walitangaza kwamba baadhi ya koo za seli zilizotokana na uvimbe wa Burkitt zilikuwa zikitengeneza kingamwili ndani ya chupa. Saratani ilikuwa haijasahau. Miaka miwili baadaye, mjini Stockholm, Eva Klein na wenzake, waliokuwa wakipokea vipande vya uvimbe kutoka Nairobi, walionyesha kwamba seli za kijana mmoja wa Kenya zilibeba katika ngozi yake kingamwili ya namna moja tu, ile ile iliyokuwamo katika uvimbe kabla haujatolewa mwilini. Ukoo huo uliitwa Daudi, na seli za Daudi zingali zikikuzwa hata leo katika maabara za kila bara. Ukoo mwingine wa mtoto wa Kiafrika mwenye uvimbe wa Burkitt, uitwao Namalwa, ulikuzwa baadaye na kampuni ya Kiingereza katika matangi ya maelfu ya lita ili kutengenezea dawa ya intaferoni, na ndiyo mojawapo ya mara za mwanzo seli za saratani za binadamu kufanywa mashamba ya dawa.

Kingamwili ile ya Daudi, hata hivyo, haikuwa na faida ya tiba, kwa kuwa hakuna aliyemjua adui aliyelengwa nayo. Seli ya saratani hutengeneza ile kingamwili ambayo ilikuwa ikiitengeneza siku ilipogeuka kuwa saratani, na haichaguliwi. Ilitakiwa tadbiri ya kuipa uhai wa saratani seli ambayo mtu ameichagua mwenyewe. Tadbiri ya kwanza ilitoka Cambridge mwaka 1975, ambako César Milstein, Muajentina, na Georges Köhler, Mjerumani, waliunganisha seli ya wengu wa panya aliyechanjwa na seli ya saratani ya uboho wa panya, wakapata seli mseto yenye elimu ya mzazi mmoja na umri wa mwingine. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Lakini kingamwili za panya, zikitiwa mwilini mwa mtu, hukataliwa kama mgeni. Mwaka 1980 huko Stanford walijaribu kuunganisha seli B za binadamu na seli za saratani ya uboho ya binadamu, zilizotoka kwa mgonjwa wa Uswidi, na wakafaulu, ingawa koo zilizozaliwa zilikuwa dhaifu na hazikudumu katika kazi yao.

Tadbiri ya pili ilikuwa ya virusi vya Kampala. Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia, waliopelekewa na Epstein seli zile za uvimbe, walikuwa wameonyesha mwaka 1967 kwamba virusi vilivyomo vikiziingia seli nyeupe za mtu asiye na ugonjwa wowote huzifanya zikue bila kikomo. Havikuzifanya saratani kamili. Viliziazima tu uhai wa saratani. Mwaka 1977 Michael Steinitz, akiwa Stockholm na akina Klein, alichagua kwanza seli B zenye kingamwili aliyoitaka, kisha akazitia virusi vya Epstein-Barr, na akapata ukoo wa seli za binadamu unaotoa kingamwili ile maalumu. Kwa miaka mingi njia hii ilikuwa ngumu na yenye mavuno kidogo, mpaka mwaka 2004 Antonio Lanzavecchia na wenzake, huko Bellinzona katika Uswisi, walipoitengeneza upya kwa namna ambayo karibu kila seli ya kumbukumbu ya mtu aliyepona inaweza kufufuliwa na kuulizwa inajua nini.

Hapo ndipo Kikwit inapoingia. Mwaka 1995 Ebola iliwashika watu 315 katika mji ule wa magharibi ya Kongo, ikawaua 254. Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, ambaye mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza kufika Yambuku wakati maradhi hayajapewa jina, alikuwapo. Na yeye na matabibu wenzake wa Kikwit, wakiwa hawana dawa, walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wa ng'ambo hawakushawishika: walisema wagonjwa wanane ni wachache, na kwamba walitiwa damu mwishoni mwa janga, wakati huduma ilipokuwa imekwisha kuwa bora. Kwa kipimo cha elimu hoja yao ilikuwa na haki, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba jambo lililoonekana wazi kwa macho ya matabibu wa Kikongo liliachwa likae miaka kumi na zaidi bila ya kufuatiliwa. Muyembe hakuliacha. Mwaka 2006, miaka kumi na mmoja baada ya janga, damu ya manusura wa Kikwit ilitolewa kwa hiari yao, na ikaja kuchunguzwa na Nancy Sullivan wa Taasisi za Afya za Marekani kwa kushirikiana na maabara ya Bellinzona, ambako Davide Corti alizitia seli B za kumbukumbu virusi vya Epstein-Barr, akazikuza, na kuyachuja maji yake moja baada ya moja.

Manusura mmoja alikuwa bado, baada ya miaka kumi na mmoja, ana kingamwili kali dhidi ya Ebola. Miongoni mwa seli zake ilipatikana moja ambayo kingamwili yake hushika sehemu ya virusi iliyojificha, ile ambayo virusi huitumia kuupata mlango wa ndani wa seli ya mtu, na kuiziba. Iliitwa mAb114. Kima walioambukizwa Ebola walipona kwa kingamwili hiyo peke yake, hata ilipocheleweshwa siku tano, na mwaka 2016 habari zake zikachapishwa. Insafu yanidai niseme kwamba dawa itumikayo leo haikamuliwi katika seli zile za manusura: chembe ya urithi ya kingamwili ilitolewa humo ikahamishiwa katika seli za ovari ya hamsta wa China, ukoo wa seli unaokuzwa tangu miaka ya 1950, kwa kuwa hizo huzaa kwa wingi na kwa usalama. Lakini kama si virusi vilivyotoka katika uvimbe wa mtoto wa Uganda, seli ile moja ya Kikwit isingaliishi muda wa kutosha kuulizwa swali.

Agosti 2018 mAb114 ilikuwa imetiwa wagonjwa wa Beni kwa dharura, na tarehe 20 Novemba 2018 yalianza majaribio rasmi, chini ya uongozi wa Muyembe na taasisi yake ya Kinshasa pamoja na Wamarekani, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Yaliitwa Pamoja Tulinde Maisha, kwa lugha ya wagonjwa wenyewe. Dawa nne zililinganishwa: ZMapp, iliyotengenezwa katika majani ya mmea wa jamii ya tumbaku, remdesivir, REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotoka kwa panya waliopandikizwa urithi wa binadamu, na mAb114. Msomaji akumbuke hali ya mahali: vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto Februari 2019, wauguzi waliuawa, na katika vijiji watu waliambiana kwamba kituo ni mahali pa kupelekwa kufa. Katika hali hiyo wagonjwa 681 waliingia katika majaribio, na hesabu yake ikatunzwa barabara. Agosti 2019 kamati ya usalama ilishauri yasimamishwe, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kudhihirika. Katika siku 28, waliopewa ZMapp walikufa asilimia 49.7, remdesivir, 53.1, mAb114, 35.1, REGN-EB3, 33.5. Na kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, mAb114 ilipunguza vifo hata asilimia 9.9.

Tangazo lilitolewa tarehe 12 Agosti. Siku iliyofuata ndiyo ile ambayo mama na mtoto walitoka hospitali Goma, na Muyembe aliitumia kuwaambia watu wa mji kwamba Ebola sasa inatibika, wasiwafiche wagonjwa wao. Nionavyo mimi, maneno hayo yalifanya kazi kubwa kwa usalama wa Grande Barrière kuliko kipimo chochote cha joto kilichowekwa langoni, kwa kuwa mgonjwa anayejua kuwa kuna tiba huja kituoni, na asiyejua hukimbia, na akimbiaye Goma hukimbilia Gisenyi. Janga lilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, likiwa limeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Rwanda haikupata hata mgonjwa mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa zote mbili zilizoshinda, mAb114 na REGN-EB3, na Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza zitumike.

Zamu ya Rwanda yenyewe ilikuja tarehe 27 Septemba 2024, si kwa Ebola bali kwa binamu yake, Marburg, na si mpakani bali Kigali, wengi wa walioshikwa wakiwa wauguzi na matabibu. Walipatikana wagonjwa 66 na kufa 15, idadi ya vifo iliyo ndogo mno kwa maradhi yale, na janga likatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Miongoni mwa dawa walizopewa ilikuwamo kingamwili iitwayo MBP091, na asili yake inastahili kuandikwa hapa. Ilitokana na damu ya mtalii mmoja wa Kimarekani aliyeambukizwa Marburg katika pango la popo la mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda, akapona. Huko Nashville seli zake B zilitiwa virusi vya Epstein-Barr, kisha zikaunganishwa na seli za saratani ya uboho, na seli mseto zilizozaliwa ndizo zilizotoa kingamwili iliyokuwa mzazi wa ile ya Kigali. Kwa maneno mengine, tadbiri zote mbili, ya Cambridge na ya Kampala, zilikutana katika chupa moja, kwa ajili ya maradhi ya pango la Uganda, na tunda lake likatumika Rwanda.

Nasaba hii ina deni. Mtoto aliyetazamwa na Burkitt mwaka 1957, watoto ambao vipande vya taya zao vilisafiri kwa ndege za usiku, kijana wa Kenya ambaye seli zake zingali hai katika majokofu ya dunia, hao hawakuulizwa kama tunavyoulizwa leo, wala jamaa zao hawakuambiwa kilichotendeka, na wengi wao walifariki kabla elimu iliyotoka kwao haijachapishwa. Simshutumu Burkitt, aliyewatibu kwa uwezo wote aliokuwa nao na akawa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba saratani hii huweza kuponywa kwa dawa bila ya kisu. Nasema tu kwamba waliotoa wameandikwa katika elimu kama vifaa, hali wale waliopokea wameandikwa kama mabwana wa ugunduzi. Watu wa Kikwit walitendewa vyema zaidi, kwa kuwa waliombwa wakaridhia, na mwenzao Muyembe alisimama katikati. Lakini dawa iliyotoka katika damu yao ilipewa kampuni ya Florida iitengeneze na kuiuza, na uamuzi wa dozi ngapi zitengenezwe na ziwekwe wapi haufanywi Kikwit wala Kinshasa.

Tena kingamwili ina ukomo wake, na asiyeujua atadanganyika. mAb114 humshika adui mmoja tu. Septemba 2022 Uganda ilipopatwa na Ebola ya namna ya Sudan, iliyowaua watu 55 waliothibitishwa, dawa zote mbili zilizotukuzwa Beni hazikufaa kitu. Kila namna ya adui yahitaji manusura wake, na damu yake, na seli zake kukuzwa na kuchujwa upya. Ndiyo sababu maabara zilizo karibu na maradhi ni za thamani kupita zilizo mbali. Moja iko Goma, ya taasisi ile ya Muyembe, mwendo mfupi kutoka langoni. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingiwa na vita na umeme kukatika, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulitoa onyo kwamba sampuli zilizomo, za Ebola zikiwamo, zisiachwe bila ulinzi.

Basi kwa wizara za afya za Rwanda na Kongo, na kwa kila mwenye amri katika pande mbili za Grande Barrière, ombi langu ni dogo na lawezekana. Dozi ya mAb114 ni miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili, hutiwa mara moja tu katika mshipa, na kufaa kwake hutegemea siku ambayo mgonjwa amefika. Akiba yake na iwekwe Rubavu na Goma, penye jokofu lisilokatika umeme, mikononi mwa wauguzi waliokwisha kufunzwa, kabla ya basi jingine kuwasili kutoka Butembo.